Mtoto Hatorokwi

Iko siku moja nitaikumbuka hata nikija kusahau jina langu: siku ambayo mama yangu mzazi alikaa kwenye kochi la Kukhu, kikombe cha chai mkononi, akaanza kunifundisha namna ya kumtoroka mtoto wangu.

Mwanangu, usicheke nikikuita mwanangu. Sina mvi hata moja, na magoti yangu bado hayajaanza kulia ninapoinuka. Lakini nimezaa, nimefunga sanduku, nimevuka bahari, na nimekasirika vya kutosha kupewa uzee wa siku moja. Wewe uko hapo nyumbani na mtoto wako na viza yako mpya, leo umeifungua mara ngapi kuangalia kama jina bado ni lako? Najua. Hata mimi nilifanya hivyo. Basi weka hiyo pasipoti chini kidogo, ushike simu vizuri unisikilize. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilifunzwa na wote wawili ndani ya wiki moja.

Nianze na furaha, kwa sababu ilikuwa nyingi kuliko machozi, na sitaki mtu aje kukuambia eti safari ni matanga. Nilikuwa nauza viazi vya Dundori kwenye kibanda changu hapo Free Area, Nakuru. Kitabu cha Kijerumani nilikuwa nimekiegemeza kwenye gunia, nikimpimia mteja ndoo huku midomo inanung'unika maneno marefu kama reli. Wateja walizoea. Wazee wa mtaa wakawa wananisalimia "guten morgen" hata saa kumi jioni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea kazi ya kutunza wagonjwa na wazee, ile ya kusoma huku unafanya kazi. Siku viza ilipotoka nilipiga nduru mpaka jirani yangu wa kuuza kuku akatoka na rungu akidhani ni mwizi.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Ameingia Ujerumani!" nikamwambia, nikamkumbatia na rungu lake.

Nikaenda mitumba kutafuta koti. Nikapata moja zito la rangi ya damu ya mzee, lina manyoya shingoni, nikalivaa njia yote hadi nyumbani na jua linawaka. Kamau, jirani yetu mwenye teksi, akaniona akashika kiuno kwa kicheko. "Mama Nekesa, hilo koti linarudi kwao. Mgeni ni wewe peke yako." Nilicheka hadi nikakaa chini. Ndivyo siku hizo zilivyokuwa. Kila kitu kilinichekesha. Usiku nililala na tabasamu kama mtu ameibia benki.

Sasa turudi kwa lile kochi.

Kukhu ni nyanya yangu, aliyenilea. Kwetu Waluhya nyanya ndivyo anavyoitwa. Alikuja Nakuru akiwa bibi arusi wa mfanyakazi wa reli na hajawahi kurudi kuishi kwao. Mama yangu anakaa Kiamunyi, mtaa mwingine wa Nakuru, kwa nyumba nzuri aliyojenga na jasho la Uarabuni. Mama yangu si mtu mbaya. Liweke hilo kichwani kabla sijaendelea, kwa sababu nitamsema.

"Sikiza, Naliaka," akaniambia. "Siku ya safari, Nekesa awekewe katuni. Akishazama, wewe pitia mlango wa jikoni. Sanduku tutakuwa tumelitoa mapema. Akiuliza, tunamwambia umeenda dukani."

Dukani.

Mwanangu, kuna maneno ambayo kwa watu wengine ni maneno tu, na kwako wewe ni kovu. Mimi nilikuwa ndio nimetoka nasari nilipoamka asubuhi moja nikaambiwa mama ameenda dukani, anakuletea mkate. Nikakaa kwa ngazi ya mlango kungoja mkate. Nikangoja hadi uji ukapoa, hadi watoto wengine wakarudi kutoka shule, hadi Kukhu akanibeba ndani nikiwa nimelala. Kesho yake nikarudi kwa ngazi. Kwa muda mrefu baadaye Kukhu hakuweza kwenda kununua hata chumvi bila kunibeba mgongoni, jinga zima la mtoto na miguu inaburuta. Na mama aliporudi, miaka imepita, na masanduku yake na marashi yake, nilijificha nyuma ya sketi ya Kukhu nikamwambia, "Karibu, anti."

Anti! Mama aliyenizaa.

Kwa hivyo alipolitaja lile duka tena, tena kwa mtoto wangu, mwili ulinichemka kutoka kwa nyayo.

"Hiyo kitu haitafanyika," nikasema. "Sio kwa Nekesa."

"Kwani wewe hukukua?" Mama akaweka kikombe chini. "Nilikutoroka na si uko hapa? Una mdomo mpaka wa Kijerumani. Mtoto ukimuaga atakushika miguu, utalia, utabaki, viza ioze. Mimi nimeenda. Wewe bado. Unafundisha nani?"

Hapo nikasimama. Nilipaza sauti nikamwita Nekesa, aliyekuwa nje anacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake. Nilitaka aje pale pale nimwambie kila kitu, mbele ya mama yangu, neno kwa neno, aone jinsi mzazi wa kweli anavyosema ukweli.

Kukhu alikuwa pembeni na sinia la maharagwe, anachagua mawe. Hakuinua kichwa.

"Kaa chini, Naliaka. Unataka kumwambia nini mtoto?"

"Ukweli, Kukhu!"

"Huo si ukweli. Hilo ni jiwe. Unataka kumrushia mama yako, na umekosa mkono, sasa unatafuta mkono wa mtoto."

Nilikaa. Mama akaguna kicheko kidogo cha ushindi. Kukhu akamgeukia, polepole, vile ng'ombe mkubwa hugeuza kichwa.

"Na wewe usicheke. Neno la duka lilikuwa lako, lakini mdomo uliolisema ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa kwa ndege. Mimi ndiye nilikuwa naulizwa mkate uko wapi."

Akaokota jiwe moja kwa maharagwe, akalitupa pembeni.

"Anayetoroka ni mwizi," Kukhu akaendelea. "Niambieni, Naliaka ameiba nini kwa hii nyumba? Mtoto hatorokwi. Mtoto anasindikiza."

Kusindikiza unakujua, mwanangu, hata kama nyinyi vijana siku hizi mnaita kumpa mtu push. Lakini hukujui vile Kukhu alikujua. Alisema enzi zao, kwenye nyumba za reli, mgeni hakutoka mlangoni peke yake kama mbwa aliyefukuzwa. Mwenyeji alibeba kikapu cha mgeni, wakatembea wakiongea. Na mahali pa kuishia hakuchagua mgeni. Alichagua anayesindikiza. Akifika pale moyo wake umetosheka, anampa mgeni kikapu chake, anasema "mimi narudi", anageuka. Na akishageuka hageuki tena, asije akamtia mgeni uzito miguuni.

"Sasa nioneshe nani ameachwa hapo," Kukhu akasema. "Hakuna. Mmoja ameenda, mwingine amerudi. Anayeachwa ni yule mliyemwacha amelala."

Nekesa alikuwa amefika mlangoni, miguu imejaa vumbi, anahema. "Mami, umeniita?"

"Nilikuwa nataka kukuona tu," nikasema. "Enda ucheze."

Nilimwambia kesho yake, kwa kibanda, hasira ikiwa imelala. Nilimketisha juu ya gunia. Nikamwambia mami ataenda mbali kwa ndege, kusoma na kufanya kazi. Hutaniona kwa nyumba, utaniona kwa simu. Utakaa na Kukhu na nyanya. Nitakuja likizo, na wakati huo utakuwa umeota meno mengine hapa mbele.

Akafikiria.

"Na haya ya sasa yataenda wapi?"

Mwanangu, ujiandae. Unapanga maneno mazito usiku kucha, mtoto anakuuliza habari ya meno.

Sitakudanganya kwamba hakulia. Alilia jioni nikimwogesha, ghafla, sabuni bado iko usoni. Akasema nani atamsuka. Mama yangu alikuwa amekuja kuniletea blanketi akasikia. Akasimama pale mlango wa bafu, akajibu kabla sijajibu: "Mimi. Nitakusuka mimi." Nekesa akamwangalia vile unaangalia fundi usiyemjua. "Unajua mistari ya kwenda juu?" "Nitajifunza," Mama akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mama yangu akisema kuna kitu hajui.

Kisha nikamweleza Nekesa habari ya kusindikiza. Akapenda sana. Machozi yakakauka, akataka kujua atabeba begi gani. Nikampa kibegi changu cha mkononi.

"Nitakusindikiza hadi wapi?"

"Hadi pale utaamua wewe."

Mdomo uliponza kichwa, mwanangu. Ndani ya kile kibegi ndimo nilikuwa nimeweka pasipoti na tiketi.

Asubuhi ya safari ilikuwa kama arusi. Jirani wa kuku alikuja na mayai ya kuchemsha ya kula njiani. Wateja wangu wa viazi walikuja kuniaga, mmoja akaniomba nimletee Mjerumani, mwingine akasema yeye Mjerumani hamtaki, anataka gari lake. Mpango ulikuwa hivi: Nekesa atanisindikiza hadi barabara kubwa ya Nairobi, hapo karibu, kisha arudi na jirani kwa Kukhu. Mama angeandamana nami kwa teksi ya Kamau hadi uwanja wa ndege.

Kukhu ndiye alitangulia kuniaga. Miguu yake haimpeleki mbali, akaishia kwa geti. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniombea kwa Kiluhya maneno ambayo sitakutajia, ni yangu. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi narudi." Akageuka. Nilimtazama mgongo wake, leso imefungwa kiunoni, fimbo inagonga, hadi akaingia ndani. Hakutazama nyuma. Nekesa alimtazama vilevile, mdomo wazi, vile mwanafunzi humtazama mwalimu ubaoni.

Tukafika barabara kubwa. "Hapa?" nikamuuliza.

"Bado."

Kamau akacheka, akafungua mlango. "Panda, mama mkubwa." Akapanda, kibegi kifuani.

Tulipofika Gilgil nikauliza. Bado. Karibu na Naivasha pundamilia walikuwa wanakula kando ya barabara, nikasema, ona pundamilia, hapa ni pazuri sana pa kuishia, Kamau atampigia rafiki yake wa teksi akurudishe. Akawaangalia pundamilia. Bado. Tukaanza kupanda mlima, ukungu ukatufunika, wauzaji wa kofia za manyoya wakatupungia. Bado. Mama alikuwa anakohoa kikohozi kile cha mtu aliyeonya mapema.

"Umepea mtoto pasipoti," akasema hatimaye.

"Najua."

"Akikataa kukupa je?"

"Mama, najua!"

"Mimi nasema tu. Ndege haingoji mtu achague."

Kamau naye, badala ya kunisaidia: "Huyu atasindikiza hadi Ujerumani, aombe kazi, wewe ndio urudi kuuza viazi."

Nilicheka, lakini kwa mdomo tu. Fikiria. Nilikuwa nimesoma Kijerumani kwenye vumbi la viazi. Nilikuwa nimefanya mtihani, nikaanguka, nikarudia. Baba yake mtoto usiniulize, hakuwepo na hayuko. Hii nafasi ilikuwa ndio mlango wetu wawili, mimi na Nekesa, na ufunguo wake ulikuwa umekumbatiwa na mtoto wa chekechea anayesema bado. Nikimnyang'anya, nimevunja neno langu siku ile ile ya kuondoka. Nisipomnyang'anya, akianza kulia pale mlangoni, je?

Halafu akalala.

Tulikuwa tumeshaingia Nairobi. Joto la gari, mayai tumboni, kichwa kikaanguka kwa paja langu. Kibegi kikalegea mkononi. Tukafika, Kamau akaegesha, akazima gari. Watu walikuwa wanasukuma matoroli, ndege moja ikapita juu yetu kwa kishindo na moyo wangu ukaruka nayo. Nekesa hakutikisika.

Kamau akageuka, akanong'ona kwa huruma. "Mama Nekesa, ndio wakati. Chukua, enda pole pole. Akiamka atakuta tuko Naivasha."

Na mimi, mwanangu, mimi niliyepiga kelele kwa sebule ya Kukhu, mimi niliyekaa kwa ngazi nikingoja mkate, mkono wangu ulikuwa tayari umeshika ukanda wa kile kibegi. Sikuuamrisha. Ulienda wenyewe. Nikajiambia: amechoka, maskini, mwache apumzike. Unaona uongo unavyovaa nguo za upendo? Ndiyo maana nimekukalia kooni leo. Hakuna mtu hutoroka mtoto wake kwa ubaya. Wote hutoroka kwa huruma.

Aliyenishika mkono ni mama yangu.

Alikuwa ameshuka, amefungua mlango wa upande wangu. Alimwangalia Nekesa, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu. Uso wake sijawahi kuuona vile.

"Hata wewe ulikuwa umelala hivyo hivyo," akasema. "Mdomo wazi hivyo."

Kisha akainama akamtikisa mtoto begani. "Nekesa. Nekesa, mama. Amka usindikize."

Nekesa akaamka, akafuta mate, akakaza kibegi. "Tumefika Ujerumani?"

"Bado kidogo," nikasema, nikamshusha garini.

Tukatembea sote hadi kwenye milango mikubwa ya vioo, ile inayojifungua yenyewe. Askari alikuwa amesimama hapo, anakagua tiketi. Nekesa akauachilia mkono wangu, akamwendea, akainua kichwa.

"Mimi nasindikiza mami. Naweza fika wapi?"

Askari akanitazama, akamtazama. Akatoa kofia, Mungu ambariki popote alipo, akachuchumaa. "Madam, hata bosi wangu akisindikiza mtu, anaishia hapa nimesimama. Hapa ndio mbali zaidi kwa Kenya yote."

Nekesa akapima kwa macho. Akaitazama ile milango ikifunguka na kujifunga. Nilishika pumzi, mwanangu, nilishika mpaka masikio yakaanza kulia. Kisha akavua kibegi shingoni, akanipa kwa mikono miwili.

"Mami," akasema. "Mimi narudi."

Na akageuka.

Mama yangu alibaki sekunde moja. Akanivuta kwake na lile koti langu lote. "Kwaheri, Naliaka," akasema sikioni. "Hii nilikuwa na deni lako." Kisha akakimbia kumfuata mjukuu wake, akamshika mkono. Wakaenda. Katikati ya njia Mama akashindwa, akageuza shingo. Nikamwona Nekesa akimvuta mkono kwa nguvu, na sauti yake kali ikanifikia kupita matoroli yote: "Nyanya! Haturuhusiwi kugeuka!"

Nililia nikicheka. Askari akasema, "Pita mathe, umesindikizwa vizuri."

Na nikapita! Wacha nikwambie sasa, kwa sababu kutembea ni kuona, na mimi niliona. Ndege ilipoanza kukimbia nilishika kiti kwa mikono yote miwili, nikasikia mwili unabaki nyuma na roho inatangulia, na ardhi ikaachia. Nilicheka kwa sauti, mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa zaidi ya wewe. Nilibandika uso kwa dirisha kutafuta Nakuru, nisijue hata ni upande gani. Nikauchagua mlima mmoja wa bluu nikaamua ni Menengai. Nilikula kila kitu walicholeta, hata siagi ndogo nisiyojua ni ya nini. Choo cha ndege kilinguruma nikatoka mbio na sketi bado haijakaa.

Tulikobadilisha ndege palikuwa na sakafu inayotembea yenyewe. Niliipanda, nikashuka, nikarudi nikaipanda tena. Nani ananijua? Kulipokucha niliona kitu cheupe chini juu ya milima, nikadhani ni mawingu yameanguka. Kumbe theluji.

Kwa kidirisha cha uhamiaji kijana wa macho ya kijivu aliniuliza nimekuja kufanya nini, kwa Kijerumani, haraka. Maneno yote niliyosoma yakakimbia kama panya. Nikafikiria gunia la viazi, nikavuta pumzi, nikajibu. Akaelewa. Akaelewa, mwanangu! Akagonga mhuri, akanikaribisha. Nilitaka kupitisha mikono kwa kile kidirisha nimkumbatie. Nilipotoka nje, baridi ikanipiga kofi. Ile baridi ya Dundori ya mwezi wa saba niliyokuwa nikiilalamikia, nimeiomba msamaha.

Garimoshi lilikuwa kimya, watu wote wamenyamaza kama wako kanisani, na mimi nilikuwa nimejaa habari hadi shingoni bila mtu wa kumwambia. Nilipofika chumbani, kabla ya kuvua koti, nikapiga simu ya video. Nilikuwa nimejitayarisha. Akilia nitasema hivi, akinuna nitasema vile.

Uso wake ukajaa kioo, puani kabisa.

"Mami! Mimi nilifika kwanza!"

"Nini?"

"Nilifika kwanza! Nilirudi, nikafika, nikakula, nikalala, wewe ulikuwa bado uko njiani!" Nyuma yake nikamsikia Kukhu anacheka kile kicheko chake cha kikohozi. "Na nyanya aligeuka, mimi sikugeuka. Mwambie, nyanya, mwambie uligeuka."

Sasa nimekaa huku, miezi imeenda. Asubuhi naosha miguu ya wazee wa watu, jioni nasoma. Yako majumapili ambayo Nekesa analia kwa simu, na mimi nikizima nalia pia. Lakini analia akijua anamlilia nani, na yuko wapi, na kwa nini. Hajawahi kunitafuta nyuma ya mlango. Na nikimkosea, ananiambia usoni, kwa sababu hajajifunza kwamba watu wakubwa hupotea ukifumba macho.

Basi sikia neno langu, na sitalizungusha, hasira bado ninayo na sitaki ipoe kabla hujanielewa. Usimtoroke mtoto. Watakuambia ni mdogo, hataelewa, atasahau. Waongo! Mtoto hasahau, anakosa tu maneno ya kukumbukia, halafu anayapata akiwa mtu mzima na anakuita anti. Mwambie ukweli, lakini usiuokote kama jiwe. Hakikisha hasira imelala ndipo ufungue mdomo. Mpe kitu cha kubeba, chepesi, na pasipoti uiweke mfukoni mwako, usiwe mjinga kama mimi. Mwache atembee na wewe hadi pale atatosheka. Na akilala njiani, muamshe. Hata kama mkono wako umeshafika kwa ukanda, muamshe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ni ndefu, inapita juu ya bahari.

Haya, funga zipu sasa. Ndege yako ipae kwa ulaini na itue kwa ulaini. Ulimi wako usigande mbele ya kidirisha. Koti lako likutoshe, chakula chao kikukubali, kazi ya mikono yako ionekane na watu wa huko. Na unayemwacha nyumbani, mwanangu, Mungu amfikishe kwanza.